Paa Lisilopiga Kelele

Mvua ikianza kunyesha Tukuyu, mwalimu aliye chini ya paa la bati huweka chaki mezani akasubiri. Hakuna koo la binadamu linaloshindana na mvua ile. Mhubiri naye hukatiza neno, kwaya ikashika wimbo hadi wingu lipite. Lakini yapo majengo machache ambamo somo huendelea kama kawaida, mvua ikisikika kwa mbali kana kwamba inanyesha kwa jirani. Ukijikuta ndani ya jengo la namna hiyo, nalo ni la zamani, inua macho. Huenda juu yako kuna asbesto.

Wengi wetu tumesikia kwamba asbesto ni hatari, ila hatukuwahi kuonyeshwa ilivyo. Ni madini ya nyuzinyuzi yanayochimbwa ardhini kama mawe mengine. Nyuzi zake haziungui, haziozi, na hazikatiki upesi. Viwanda vilizichanganya na saruji, vikatoa mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi. Katika kila kilo 100 za bati la aina hiyo, kilo 10 hadi 15 huwa ni asbesto na zinazobaki ni saruji. Afrika Mashariki yaliletwa kwa meli, na mengine yalitengenezwa huku huku, kama kule Tororo, Uganda. Yakaezekwa kwenye madarasa, zahanati, maghala, ofisi na nyumba za watumishi.

Wilaya kama Rungwe, uliko mji wa Tukuyu, ilikuwa na sababu zake za kuyapenda. Mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na bati la chuma likishashika kutu kwenye tundu la msumari, ndoo za kukingia hazitoshi. Asbesto haishiki kutu. Baridi ya Juni inaposhuka kutoka Mlima Rungwe, nyumba haipoi haraka. Na kama nilivyosema, haina kelele. Aliyeezeka hakuwa mjinga wala katili, na ni vizuri ukumbuke hivyo utakapokwenda kuzungumza na mzee mwenye nyumba. Ukianza kwa kulitukana paa lake, atakukaribisha chai na mazungumzo yataishia kwenye chai.

Kulitambua bila kulikwaruza

Tazama ukingo wa bati, pale linapochungulia juu ya gata. La chuma ni jembamba kama kadi. La asbesto lina unene wa milimita 6 hivi, karibu sawa na penseli. La chuma hushikwa kwa msumari wa bati. Hili hushikwa kwa bolti au skrubu ndefu yenye washa, iliyopita kwenye tuta la wimbi hadi kwenye papi. Sumaku hainasi. Kofia ya paa nayo ni ya saruji. Rangi yake ni ya kijivu, lakini kwa mvua zetu haikawii kuwa nyeusi na kuota kuvumwani za kijani.

Dalili hizo zinatosha kukufanya ushuku, hazitoshi kukufanya uape. Siku hizi yapo mabati ya saruji yenye nyuzi nyingine zisizo asbesto, na kwa macho hayatofautiani. Anayeweza kukata shauri ni mtaalamu mwenye hadubini. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda Mbeya, unaweza kuanzia huko kuuliza. Ila usikate kipande mwenyewe ukakipeleka kwenye mfuko wa rambo. Kukata ndiko kunakotengeneza lile vumbi unalolikimbia. Ushauri wangu ni huu: kama jengo liliezekwa kabla ya miaka ya 1990 na hakuna karatasi inayosema vinginevyo, lichukulie kuwa lina asbesto. Ukikosea upande huo umepoteza maji, nailoni na siku mbili za fundi. Ukikosea upande wa pili, deni litalipwa na mapafu ya mtu.

Asbesto haiko kwenye paa peke yake. Iliwekwa kwenye bodi za dari, kwenye mabomba ya maji ya kijivu yaliyofukiwa ardhini, kwenye gasketi na kitambaa cha kufungia mabomba ya boila za zamani viwandani, na kwenye bitana za breki na pleti za klachi. Hizo za magari nitazirudia.

Vumbi lenye subira

Rungwe haihitaji kufundishwa kwamba vumbi linajua kungoja. Kabla ya uhuru, vijana wa Kinyakyusa waliandikishwa Wenela, lile shirika lililokusanya vibarua wa migodi ya dhahabu ya Johannesburg, mpaka Tanganyika huru ilipokomesha biashara hiyo. Walirudi na mablanketi na masanduku. Wapo waliorudi pia na kifua ambacho hakikupona. Lile lilikuwa vumbi la mwamba, si la asbesto, lakini hesabu ni ileile: unavuta ukiwa kijana, unalipa ukiwa na wajukuu.

Bati la asbesto likivunjwa, likikatwa kwa grenda au likitobolewa, hutoa nyuzi nyembamba mno kuliko unywele, zisizoonekana kwa macho. Moshi wa kuni humtoa mtu machozi akatoka jikoni. Pilipili humpigisha chafya. Nyuzi za asbesto hazinuki, haziwashi, hazikereketi. Zinaingia kama mgeni mwenye adabu, na hapo ndipo zinapowaponza mafundi. Zikifika ndani kabisa ya pafu, mwili hauna namna ya kuziyeyusha. Inapita miaka 20, 30, hata 40, kisha ugonjwa unajitokeza. Unaweza kuwa asbestosi, yaani makovu ya mapafu yanayobana pumzi hadi mtu anashindwa kupanda kilima alichokipanda maisha yake yote. Unaweza kuwa saratani ya mapafu, na kwa mvuta sigara hatari hiyo huongezeka mara nyingi. Unaweza kuwa mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu au tumbo, ambayo ni nadra kuletwa na kitu kingine. Saratani ya kisanduku cha sauti na ya ovari nazo zimo kwenye orodha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 200,000 hufariki kila mwaka duniani kwa asbesto waliyoivuta kazini.

Mwaka 1960, Dkt. J. C. Wagner na wenzake nchini Afrika Kusini walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma. Karibu wote walikuwa wamekutana na asbesto, wengi wao katika eneo la machimbo ya asbesto ya bluu kaskazini mwa Rasi. Jambo lililoshtua ni kwamba baadhi yao hawakuwahi kushika sururu. Walikuwa wameishi jirani na machimbo, au walichezea marundo ya mabaki walipokuwa watoto. Kumbuka watoto hao utakapofika kwenye sehemu ya vipande vilivyovunjika.

Utawasikia watu wakisema kwamba asbesto nyeupe haina neno. Hiyo ndiyo iliyojaa kwenye mabati, na iliyochimbwa kwa miaka mingi Zvishavane, Zimbabwe. Kauli hiyo ni ya wauzaji. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, imeziweka aina zote, nyeupe ikiwemo, kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Chini ya Mkataba wa Rotterdam aina nyingine za asbesto zimeorodheshwa kama kemikali ambazo nchi lazima ijulishwe kabla ya kuletewa. Nyeupe imezuiwa kuingia orodhani kikao baada ya kikao, kwa sababu uamuzi unahitaji kauli moja na wapo wachache wanaokataa. Kenya haikungoja: kanuni zake za taka za mwaka 2006 ziliiweka asbesto kwenye taka hatarishi. Marekani ilipiga marufuku asbesto nyeupe mwaka 2024.

Sasa lipo jambo ambalo matangazo mengi husahau kulisema, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Paa la asbesto lililo zima, lisiloguswa, halimuui aliyelala chini yake. Nyuzi zimeshikwa na saruji. Hakuna kiwango cha vumbi hilo kilichothibitishwa kuwa salama, ni kweli, lakini hatari hukua kwa wingi wa vumbi na urefu wa muda. Mtoto aliyepita chini ya paa zima miaka saba ya shule ya msingi hajapata kiasi alichokipata kibarua aliyelibomoa kwa nyundo siku moja mchana. Kwa hiyo siku ya hatari kuliko zote katika maisha ya paa hilo ni siku tunapoamua, kwa nia njema, kuliondoa. Kampeni inayowaambia watu "asbesto inaua, iondoeni" ikanyamaza hapo, inaweza kutoa vumbi jingi zaidi kwa wiki moja kuliko lililotoka kwa miaka 40.

Kama paa ni zima

Liache. Usilitoboe kwa ajili ya dishi la televisheni wala paneli ya sola. Vifunge kwenye nguzo uwanjani. Fundi wa sola atakuambia ni matundu manne tu. Mwambie nguzo utanunua mwenyewe.

Usilisugue. Hapa Rungwe ina tatizo lake ambalo Dodoma hawalijui. Mvua huwa na tindikali kidogo, nayo mwaka hadi mwaka hulamba saruji ya juu, uso wa bati ukawa wa kukwaruza na nyuzi zikaanza kuchomoza. Kuvumwani huota hapo hapo. Mwenye nyumba akiona paa limegeuka bustani, hupandisha kijana na brashi ya waya au hukodi mashine ya kuoshea magari. Vyote viwili ni makosa. Kuvumwani zile zimeshikilia uso wa bati kama nyasi zinavyoshika kingo za barabara. Ukizing'oa kwa nguvu unang'oa na nyuzi. Zikikukera sana, acha zikukere.

Rangi? Inaweza kusaidia, kwa kuwa hufunga uso wa bati. Lakini ipakwe kwa kunyunyiziwa taratibu, bila kulikwaruza wala kuliparura bati kwanza, na asiwepo mtu anayetembea juu. Fundi wa rangi aliyezoea kuanza na msasa hafai kwa kazi hii hata kama ni shemeji yako.

Halafu gata. Kinachooshwa na mvua kutoka kwenye paa lililochoka huishia humo, na chini ya simtanki. Kuhusu kuyanywa maji yenyewe usihangaike kupita kiasi: Shirika la Afya Duniani limeliangalia suala la asbesto katika maji ya kunywa na halikupata ushahidi unaoeleweka kwamba kuimeza kunadhuru kama kuivuta. Kama una chanzo kingine cha maji, paa lililochakaa litumie kwa kumwagilia. Jihadhari na tope. Tope la gata likiwa bichi ni tope; likikauka ni vumbi. Lisafishe likiwa limelowa, litie kwenye mfuko likiwa bado limelowa, uufunge. Usilipakue Agosti limekauka, ukalimwaga chini ya migomba kama mbolea.

Na usipande juu. Hili ningeliandika kwa herufi kubwa kama mhariri angekubali. Bati la asbesto lililozeeka ni kama kaki: linaonekana gumu, ukilikanyaga katikati ya papi na papi linavunjika ghafla bila hata kulia. Linaua kwa miaka 30 kupitia mapafu, na linaua kwa sekunde mbili kupitia sakafu. Nalo likilowa lina utelezi wa kuvumwani. Penye ulazima, fundi atumie ubao mrefu uliolazwa kuvuka papi kadhaa, na kamba ya usalama iliyofungwa kwenye kenchi.

Vipande

Nilipokuwa shule ya msingi tuliandikia kwa vipande hivyo. Vilikuwa nyuma ya choo, vimerundikwa tangu upepo ulipoezua ukingo wa darasa, na vilichora vizuri ukutani kuliko chaki. Wavulana walijua pia kwamba ukikitia kipande motoni, baada ya muda hupasuka kwa kishindo na kurusha vigae. Hakuna aliyetukataza. Walimu hawakujua zaidi yetu.

Zunguka mtaani kwako utazame. Kipande kimezibia banda la nguruwe, kingine ni kingo ya bustani ya maua, kingine kimelazwa mlangoni kukanyagiwa matope, vingine vimepondwapondwa kujazia shimo la njia ili bodaboda zipite. Hicho cha kukanyagiwa na hivyo vya njiani ndivyo vibaya kuliko vyote, maana kila mguu na kila gurudumu linasaga unga mpya. Kama paa zima halina haraka, vipande vina haraka.

Namna ya kuviokota si ngumu, na hapa maji tunayo. Subiri siku ya manyunyu au nyunyiza maji yenye sabuni kidogo hadi vilowe kabisa. Vaa glavu, barakoa ya kweli ambayo nitaieleza, na gambuti. Okota kwa mkono kimoja kimoja, usifagie wala kuzoa kwa koleo. Tia kwenye nailoni nzito, funga, tia kwenye nailoni ya pili, funga tena kwa soltepu, andika kwa wino usiofutika: ASBESTO, USIFUNGUE. Weka mahali pa kufungwa kwa kufuli mpaka mamlaka ielekeze pa kupeleka. Nguo ulizovaa zilowekwe peke yake, zisichanganywe na za watoto. Katika nchi za viwanda walikufa wake za wafanyakazi ambao kazi yao ilikuwa kukung'uta na kufua ovaroli za waume zao.

Siku ya kuondoa

Ikiwa paa limepasuka, linavuja, au jengo linakarabatiwa, basi liondolewe, na liondolewe kwa taratibu. Hapa Tanzania, kisheria asbesto ni taka hatarishi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake, na anayekusanya, kusafirisha au kutupa taka hizo anapaswa kuwa na kibali. Anza kwa ofisa mazingira wa halmashauri. Wa Rungwe yuko Tukuyu. Ukiwa upande wa Lwangwa na Mwakaleli, ofisa wako ni wa Busokelo. Yeye ndiye atakayekuunganisha na NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, kanda ya Nyanda za Juu Kusini, iliyoko Mbeya. Kama ni shule, hospitali, kiwanda au kazi yoyote yenye vibarua, OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, nao wahusishwe, maana Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde waliomo. Utaambiwa mlolongo huu ni mrefu. Ni mrefu kweli. Tumia muda huo kuweka akiba ya nailoni.

Kwa shule, likizo ya Juni ndiyo nafasi nzuri: masika yamepita, watoto hawapo, na upepo mkali wa kiangazi haujashika kasi. Desemba nao watoto hawapo, ila mvua itakukuta darasa liko wazi.

Barakoa za kitambaa, na zile za karatasi tulizovaa wakati wa korona, hazizuii nyuzi hizi. Inatakiwa barakoa ya kuchuja vumbi laini ya daraja la juu, ile inayoandikwa FFP3 au P100, inayokaza kuzunguka pua na kidevu. Mwenye ndevu ndefu ama azinyoe ama akae chini ashike kamba. Ovaroli iwe ya kutupwa, yenye kofia, na suruali iteremke nje ya gambuti, isichomekwe ndani.

Kabla fundi hajagusa bolti ya kwanza, ondoa watu, mifugo, nguo za jirani kwenye kamba na maji yaliyo wazi. Tandika nailoni chini kuzunguka jengo. Lowesha mabati kwa bomba la mgongoni, lile la kupulizia dawa shambani, lakini liwe jipya au safi. Maji yatoke kama ukungu, si kwa kasi, na yawe na sabuni kidogo ili yapenye. Kisha bolti zifunguliwe moja moja. Bolti iliyoshika kutu ikatwe kwa mkasi wa chuma, si kwa grenda, na bati lisivunjwe ili bolti itoke. Bati literemshwe zima, kwa mikono au kwa kamba, likilazwa taratibu juu ya nailoni. Kulitupa kutoka juu ndiko mafundi wetu walikozoea, kwa kuwa kazi hulipwa kwa siku na kila mtu anataka kuondoka mapema. Kwa hiyo usilipie haraka. Patana na fundi kwa idadi ya mabati yaliyofika chini yakiwa mazima, utaona mikono inavyobadilika.

Mchana atakuja jirani. "Baba, ugonile. Naona mnayashusha. Si unigawie mawili niezeke banda la nguruwe? Mazima kabisa haya." Ni ombi la haki kati ya watu wanaosaidiana mbolea, mbegu na majeneza. Usimjibu kwa ukali. Mwambie, "Ndaga, ndugu yangu, ila haya ningekupa ningekuwa nimekupa ugonjwa. Ukija wiki ijayo nitakutafutia bati moja la chuma." Na umtafutie kweli. Bati moja la chuma ni rahisi kuliko mabati mawili ya asbesto yaliyoanza safari mpya kijijini.

Yakishafungwa tabaka mbili za nailoni na kuandikwa, yapakiwe kwenye gari lenye turubai, yapelekwe moja kwa moja mahali palipoidhinishwa kufukiwa. Usiridhike na mwenye fuso anayesema anajua pa kuyatupa. Tuna makorongo mengi, na kila korongo hapa linajua njia ya kwenda mto Kiwira au Mbaka, kisha Ziwa Nyasa. Miteremko yetu humomonyoka kila masika. Kilichofukiwa juujuu kwenye kingo kitachungulia mwaka unaofuata. Gari likiondoka, ardhi na papi zipanguswe kwa matambara yaliyolowa, matambara yafungwe pamoja na mabati. Ufagio ukae ndani.

Gereji

Barabara ya Mbeya kwenda Kyela hupanda hadi kwenye baridi na kuteremka hadi kwenye mpunga, na malori ya ndizi na viazi huteremka nayo yakikanyaga breki. Bitana huisha haraka, gereji hazikosi kazi. Bitana za zamani, na baadhi ya zinazouzwa bado duniani kwa bei ya chini, zina asbesto, na unga mweusi uliomo kwenye ngoma ya breki ndio unaopulizwa kwa kompresa kila siku huku kijana wa kujifunza kazi ameinamia karibu. Dawa yake ni rahisi kuliko ya paa: futa kwa tambara lililolowa maji ya sabuni, usipulize, usigongegonge ngoma sakafuni, usipige msasa bitana ikiwa kavu. Mafundi bomba nao wakikuta bomba la saruji la kijivu wasilikate kwa grenda. Msumeno wa mkono, maji yakimiminwa, na barakoa.

Kuwaambia wengine

Nimeona semina zikianza na picha za mapafu ya wagonjwa. Watu hushtuka, hurudi nyumbani, na kesho yake mmoja wao amepanda na nyundo kuokoa familia yake. Anza na maneno matatu yanayokaa kichwani: usilivunje, usilitoboe, usiligawe. Saratani itafuata baadaye watakapouliza kwa nini.

Anza na mafundi kabla ya mkutano wa hadhara. Mafundi paa wa Tukuyu, Kiwira na Ushirika wanafahamiana. Ukiwapata kumi pamoja, ukawaonyesha bati halisi lililofungwa kwenye nailoni angavu, ukawavisha ile barakoa wajaribu kupumua nayo, umefika kwenye nyumba nyingi kuliko bango. Kisha kamati za shule, maana ndizo zinazoamua ukarabati. Kisha makanisa. KKKT Dayosisi ya Konde na Wamoraviani wa Jimbo la Kusini wana shule, hospitali na nyumba za muda mrefu, kwa hiyo tangazo la Jumapili linamfikia muumini na mwenye jengo kwa pamoja. Kwa bibi anayefuga nguruwe, sema Kinyakyusa. Neno asbesto halina maana kwake. Mwonyeshe kile kipande cha kijivu, mwambie unga wake usiingie puani mwa wajukuu.

Na watoto wapewe kazi. Darasa la sita likitumwa kuhesabu, bila kugusa, sehemu zote mtaani zenye bati la kijivu lenye kuvumwani, litarudi na orodha bora kuliko ya ofisi yoyote.

Daktari na daftari

Mtu aliyewahi kufanya kazi hizi akianza kukohoa kwa miezi, kubanwa pumzi au kupungua mwili, jambo la kwanza hospitalini litakuwa kupima kifua kikuu, na ni sawa, kwa sababu kifua kikuu kipo na kinatibika. Makohozi yakitoka safi, asirudi nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi tu. Amweleze daktari kazi zote alizofanya tangu ujana: gereji, ujenzi, ubomoaji, boila. Madaktari wengi hawaulizi. Wewe sema bila kuulizwa. Kutoka hospitali ya Makandana au Igogwe anaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na saratani ikishukiwa, taasisi ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam. Aliyeajiriwa aulize pia kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, kwa kuwa unahusu magonjwa yatokanayo na kazi pamoja na ajali.

Ugumu ni kwamba baada ya miaka 30 hakuna anayekumbuka. Mkandarasi amekufa, mwalimu mkuu amestaafu, na kibarua hana karatasi ya kuonyesha kwamba alikuwa juu ya paa lile. Kwa hiyo siku ya kuondoa paa nunua daftari gumu. Andika tarehe, jengo, idadi ya mabati, namba ya gari, mahali yalipofukiwa pamoja na mchoro wenye alama zisizohama, mti hautoshi, na majina kamili ya kila aliyeshika bati, hata yule kijana aliyeshika ngazi kwa saa moja. Kila mtu aondoke na nakala ya ukurasa wake. Daftari lenyewe likae ofisini, ndani ya nailoni, mbali na ukuta unaovuja.